Neno "Tumezoea" Ndilo Linalomng'ata Mgeni

Haya niliyasema Jumamosi ukumbini Ujiji, mbele ya waongoza watalii, madereva, manahodha wa boti na wapishi wa kambi. Waliokuwa safarini waliniomba niyaandike. Nimeyaandika kama yalivyonitoka mdomoni, na utani wake. Picha zilizooneshwa ukutani nimeziacha. Hata waliokuwepo hawakuziona vizuri.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu wa jikoni, vijana wa boti, madereva mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema, nawasalimu wote. Itifaki nyingine naomba tuihesabu imezingatiwa.

Barua ya mwaliko ilisema nizungumzie ukarimu kwa mgeni. Nimekaa nayo siku tatu. Jamani, mimi Mnyamwezi nimfundishe mtu wa Kigoma ukarimu? Mgeni anashuka hapa mwisho wa reli, hajafuta jasho, tayari ana mgebuka mezani, ugali wa muhogo, na mawese yanayong'aa kama jua la saa kumi na mbili. Hapo sina la kuongeza. Mimi nataka kuwazungumzia wale wanaokuja kula baada ya mgeni kula. Wale wanaomla mgeni mwenyewe. Mbu, mbung'o, papasi na jamaa zao.

Mnacheka. Haya, niwaulize. Nani humu aliwahi kuulizwa na mgeni, "Hapa kuna mbu?" akajibu, "Ah, kidogo tu, sisi tumezoea"? Nyosheni mikono. Msione haya. Naona mikono mingi, na wa kwangu uko juu kuliko yote.

Mwaka wangu wa tatu katika kazi hii nilikuwa mpishi. Ikaja familia kutoka Arusha: baba, mama na binti wa miaka tisa. Wakapiga hema ufukweni, kaskazini ya mji, mahali pazuri kweli, maji yanaonekana mpaka chini. Jioni mama akaniuliza swali hilo hilo. Nikamjibu jibu hilo hilo. Tumezoea. Tukakaa nje mpaka usiku, mtoto na kaptura yake, tukichoma samaki na kuangalia taa za wavuvi wa dagaa ziwani. Zipu ya hema iliachwa wazi ili kupate hewa.

Wiki mbili baadaye simu ikaita. Alikuwa baba wa yule mtoto. Binti amelazwa, malaria kali, ameongezewa damu. Alipona, namshukuru Mungu. Yule baba hakunifokea. Laiti angenifokea. Aliniuliza tu kwa sauti ya chini: "Kaka, wewe ulizoea lini?"

Nilizoea lini? Nilizoea utotoni, Tabora, kwa kuugua na kupona, kuugua na kupona. Nyumbani tulizaliwa saba. Tuliozoea ni watano.

Ndugu zangu, hiyo ndiyo maana ya tumezoea. Mtu anayeumwa malaria mara kwa mara tangu mchanga, akinusurika, mwili wake hujifunza kupambana, basi anapata homa nyepesi pale ambapo mwingine angepelekwa hospitali. Kinga hiyo si kamili, na kama umekaa miaka mbali na mbu hawa, inapungua. Kijana wako aliyekwenda kusoma nyanda za baridi miaka minne, akirudi likizo ni mgeni kama mgeni mwingine. Mpe chandarua. Na kinga hiyo haikuja bure, walioilipia ni watoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulipopima watoto wa chini ya miaka mitano, mkoa uliokuwa juu kuliko yote ni huu tuliokalia: karibu mtoto mmoja kati ya wanne alikutwa na vimelea vya malaria. Naona Wanyamwezi wenzangu kule nyuma mnatabasamu. Msitabasamu. Utafiti wa 2022 ulipotoka, nafasi hiyo ilikuwa ya Tabora.

Sasa mgeni kutoka Arusha, au Njombe, au Ujerumani, hana hata siku moja ya mazoea hayo. Wewe unapomwambia tumezoea, umemwambia habari zako. Yeye aliuliza habari zake.

Na si mimi wa kwanza. Mnamjua Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, hakuna asiyemjua hapa. Alifika Gombe Julai 1960 pamoja na mama yake mzazi. Kabla hawajapanda boti, waliambiwa na mtu wa kuaminika hapa hapa mjini kwamba huko hakuna malaria. Basi hawakubeba dawa. Haikupita miezi mingi wote wawili wakalala chini kwa malaria, mama na mwana, kwenye hema moja, na mama alikuwa hoi zaidi. Fikirini kidogo. Kazi yote ile ya sokwe, miaka yote ile, ingeweza kuishia kwenye kitanda cha kambi kwa sababu ya neno moja la kumpa mgeni moyo.

Basi tufanye nini? Kwanza tuijue saa. Mbu anayeleta malaria ni jike, na saa zake ni usiku: anaanza giza likiingia, na kazi kubwa anaifanya wakati watu wamelala fofofo. Mbu wa mchana, yule mwenye madoa meupe miguuni, ana habari nyingine, ndiye wa dengue. Kwa hiyo kambini saa kumi na moja na nusu jioni kuna kazi ya lazima: zipu zote zinafungwa. Saa kumi na moja na nusu, mbu hajaamka. Mpishi, hiyo ni kazi yako kama kuwasha moto. Hema si chandarua mpaka zipu ifungwe. Nimeona hema la mamilioni ya shilingi, lina dirisha la wavu laini kabisa, na mlango uko wazi usiku kucha kama duka la Mpemba.

Halafu nguo ndefu jioni, soksi, na dawa ya kujipaka. Dawa yenye DEET asilimia 20 mpaka 30 inatosha, ipakwe kwenye ngozi iliyo wazi na isiingie machoni wala kwenye viganja vya watoto. Akipaka na mafuta ya kuzuia jua, mafuta ya jua yatangulie. Na mwambieni asiishike miwani au simu kabla hajanawa, DEET inakula plastiki. Nimelipa miwani ya mtu. Dawa za mbu za kuchoma ni za nje, barazani. Ndani ya hema ni moto na moshi katika mfuko wa nailoni, sitaki kusikia.

Kingine hakina gharama: upepo. Mbu harukii upepo vizuri, ni mdudu mwepesi. Ziwa linatupa upepo bure, na sisi tunapeleka mahema nyuma ya vichaka ili "yajifiche". Yajifiche na nani? Sogeza hema lipate upepo, mbali na matete na maji yaliyotuama. Mbu anakufuata kwa pumzi yako, hewa unayoitoa, na joto na harufu ya mwili. Upepo unavitawanya vyote hivyo.

Sasa madereva, nawajia.

Ukiiacha lami ukaingia porini, Ugalla kwa mfano, hapo mbu anakabidhi zamu kwa mbung'o. Wengine mnamwita ndorobo. Huyu ni wa mchana, na anatumia macho. Anapenda kitu kikubwa kinachotembea. Nyati anatembea, anamfuata. Gari lako linatembea, analifuata. Ndiyo maana mgeni anashangaa: tumekwenda kasi, wadudu wametufikiaje? Wamekuona, ndugu yangu. Wanadhani wewe ni nyati mwenye vioo.

Na anapenda rangi. Hapa niungame dhambi yangu. Nilipopata kambi yangu ndogo niliwashonea vijana wangu sare. Nilitaka wapendeze. Nikachagua bluu iliyokolea, kola nyeusi, jina limetariziwa kifuani. Walipendeza! Siku ya kwanza porini wakarudi wamevimba migongo na mabega, mmoja hawezi kuegemea kiti. Mgeni mmoja, mzee wa Kiingereza aliyewahi kufanya kazi ya mifugo, akacheka mpaka akashika tumbo. Akanipeleka mpaka kwenye mti fulani ambako kulikuwa na mtego wa mbung'o umetundikwa. Mnaijua, vile vitambaa vyenye dawa. Mnajua vina rangi gani? Bluu na nyeusi! Serikali inashona bluu na nyeusi kumwita mbung'o aje afe. Mimi nimewashonea vijana wangu rangi hiyo hiyo, nikasahau dawa.

Sare zile ziliishia kwa mafundi gereji. Nguo za porini ziwe kaki, au kijani kilichopauka, na ziwe nzito, maana mbung'o anapenya kitambaa chepesi kama sindano ya cherehani. Dawa ya kujipaka haimsumbui sana; msimwahidi mgeni. Kinachosaidia ni kufunga vioo unapopita ukanda wao, na kuwa na usinga ndani ya gari. Wapo mnaofukiza kinyesi cha tembo kwenye kopo nyuma ya gari. Kinasaidia kidogo, na kinamfundisha mgeni harufu mpya. Na ukimpiga kofi mbung'o usidhani umemaliza, yule ni bapa na mgumu, anajikung'uta anaondoka. Ukimshika, msage.

Wengi wanaoumwa na mbung'o hawapati kitu zaidi ya uvimbe na maneno makali. Lakini malale, ugonjwa wa usingizi anaoubeba mbung'o, yapo katika historia ya ardhi hii. Waulizeni wazee wa Uha na Unyamwezi: enzi za Mwingereza vijiji vizima vilihamishwa na watu wakakusanywa kwenye makazi mapya kwa ajili ya malale. Na aina ya kwetu ya mashariki haina subira, haingoji miaka. Kwa hiyo mgeni akipata kidonda kinachovimba pale alipoumwa, kisha homa ndani ya wiki chache, asiambiwe ni uchovu wa safari.

Sasa papasi, yule kupe wa nyumba za udongo. Mwalimu wa baiolojia kaa chini, najua, papasi ana miguu minane, kwa hesabu ya shule si mdudu. Usiku gizani nani anahesabu miguu?

Kuna vijana, wanafunzi wa chuo, walikuja kutembea kwa miguu vijijini upande wa Tabora. Watu wazuri. Mvua ikawanyeshea, wakapewa nyumba ya zamani ya udongo, sakafu ya vumbi, haijakaliwa muda mrefu. Mwenyeji aliwatandikia mkeka kwa moyo mweupe kabisa. Usiku hawakusikia kitu. Papasi hana kelele kama mbu. Anatoka kwenye nyufa, ananyonya muda mfupi, anarudi, na wewe umelala tu. Kama siku nane baadaye, homa kali. Wakapimwa malaria kwa kile kipimo cha haraka: hakuna. Wakapewa dawa za maumivu, homa ikaisha. Wakafurahi. Baada ya siku kadhaa ikarudi. Ikaisha. Ikarudi. Mpaka mhudumu mmoja wa maabara, mtu mzima, akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza: "Mlilala wapi?" Akaweka tone la damu kwenye kioo, akaangalia kwa darubini, akawaona wadudu wenyewe wanajisokota kama uzi. Homa ya papasi. Inatibika kwa dawa za kawaida za zahanati, ikitajwa kwa jina.

Swali la "mlilala wapi" lina umri mkubwa katika njia hii yetu. Misafara ya Bagamoyo, Tabora, Ujiji ilikuwa na vituo vyake, na kila kituo kibanda chake, na kila kibanda papasi wake. Mwaka 1905 yule tabibu Mjerumani Robert Koch alipita katika njia za misafara za nchi hii, akachimba vumbi la sakafu za vibanda vya kulala akawakuta. Mwaka huo huo, ng'ambo ya ziwa, Congo, daktari Mwingereza kijana Joseph Dutton alikuwa akithibitisha na mwenzake Todd kwamba papasi ndiye anayebeba ugonjwa huu. Ukampata mwenyewe, akafa nao Kasongo akiwa na miaka 30. Mdudu wa ugonjwa huo amepewa jina lake. Zawadi gani hiyo, lakini ndivyo ilivyo.

Papasi anaweza kukaa miaka bila kula akikungoja. Basi nyumba tupu si salama kuliko yenye watu. Mgeni alale kwenye hema lake, hata kama kuna nyumba karibu, hata kama mwenyeji atanuna kidogo. Ikibidi nyumba, basi kitanda, mbali na ukuta, na chandarua kichomekwe chini ya godoro. Na kama ni mama mjamzito, hapo hata msijadili, homa ya papasi na mimba havipatani.

Wengine nitawapitia haraka, muda umekwenda na nanusa chai.

Funza: mwambie mgeni asitembee pekupeku uani kwa watu. Huyu si hata mwenyeji wetu; alishushwa na meli kutoka Brazili kule Angola mwaka 1872, akavuka bara zima kwa miguu ya watu, na kabla karne haijaisha alikuwa Zanzibar. Hakuna mtalii aliyewahi kutembea Afrika vizuri kama yeye.

Nguo zilizofuliwa: zianikwe kwenye kamba juani, zisitandazwe nyasini, halafu zipigwe pasi, na chupi na mishono pia. Kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi, na mtoto wake anaingia kwenye ngozi ya mtu. Mgeni akiona jipu linapumua hatakusamehe.

Siafu: wakipita, pisha. Mkung'ute mtu mmoja mmoja, msimwagie mafuta ya taa mgeni, tafadhali. Nyuki wetu wa Tabora mnawajua. Akikuuma mmoja usimpige, ondoka haraka, maana akiuma anaacha harufu inayowaita wenzake. Mwiba uutoe upesi, kwa kucha, kwa chochote.

Sasa kisa cha mdudu na sikio. Machi 1858, John Speke, mpelelezi Mwingereza aliyekuja Ujiji na mwenzake Burton, amevuka ziwa kwa mtumbwi kutafuta jahazi. Usiku, kisiwani, dhoruba imeangusha hema. Ilipotulia akawasha mshumaa apange vitu vyake. Mwanga ule ukaita vidudu weusi wadogo, hema likajaa. Akashindwa kuwafukuza, akalala nao. Mmoja akaingia sikioni, akaanza kuchimba kuelekea ndani. Speke akajaribu kwanza siagi iliyoyeyushwa. Haikusaidia. Unajua alifanya nini? Alichukua kisu kidogo, akachokonoa. Mdudu alikufa, ndiyo, na sikio likafa naye. Uso ukapinda, majipu yakamtoka, na akasema mwenyewe kwamba akipenga kamasi sikio lilipiga mluzi. Vipande vya yule mdudu viliendelea kutoka na nta kwa miezi sita, saba.

Mnacheka tena. Lakini mwezi uliopita nani alinipigia simu kuniuliza kama njiti ya kiberiti inafaa? Sikutaji. Mdudu akiingia sikioni, laza kichwa, tia mafuta ya kula ya uvuguvugu ili afe atulie, mpeleke mtu zahanati. Usichokonoe. Na taa ikae nje ya hema, mbali, na ile ya rangi ya njano inaita wadudu wachache kuliko nyeupe.

Kijana mmoja wa boti aliniuliza jana: "Mzee, nikimwambia mgeni yote haya, si ataghairi?" Wengine wataghairi. Nilimpoteza mmoja mwaka jana, alikuwa amelipa nusu, nikamrudishia, akaenda pwani. Nilikula hasara, na nyumbani tulikula maharage. Lakini sijapigiwa simu ya usiku tangu nilipoacha kusema tumezoea.

Jambo la mwisho ni hili. Malaria haitoki siku ile ya kuumwa. Inachukua wiki moja, mbili, wakati mwingine miezi, na mgeni wakati huo yuko kwao, mbele ya daktari ambaye hajawahi kuiona Kigoma hata kwenye ramani. Kwa hiyo nimechapisha karatasi, ndogo, zinaingia kwenye pasipoti. Zimeandikwa: nilikuwa Kigoma au Tabora kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani, nikipata homa nipimwe malaria siku hiyo hiyo, na damu iangaliwe kwa darubini. Kuna mstari wa kujaza alilala wapi: hema, hoteli, au nyumba ya udongo. Ziko mia moja pale mezani karibu na chupa za chai. Zikiisha, fotokopi ipo barabarani mbele ya soko. Madereva, mmeanza kunyanyuka. Chukueni kumi kumi.